Waya wa Redio ya Baba Mkwe

Shoga, nimefanya ubaya! Ile redio ya baba mkwe inayotuamsha alfajiri, mimi ndiye niliyekata waya wa spika jana.

Leo kaniita tuitengeneze. Mama mkwe anamulika tochi, mimi nashika waya, mzee analehemu.

Akasema, "Panya wa humu wana meno makali." PANYA! Nilitamani ardhi inimeze.

Ilipolia tu, tulishangilia sote watatu. Hata mimi, tena kwa moyo kabisa!

Mzee akaniambia, "Mwanangu, mkono wako umetulia." Mwanangu! Tangu niolewe hajawahi kuniita hivyo.

Nikafungua mdomo nikiri. Akanipa bisibisi: "Kesho tunafungua pasi."

Nimejibu, "Sawa, baba." Basi! Sasa nimejifungia chooni nalia.