Kwa Nini Sitaizima Orodha

Ghorofa ya tatu, mlango wa 12,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Shikamoo yako ya Jumatano imenifikia, marahaba mwanangu. Mgongo wako unaendeleaje tangu ubadilishe kiti cha kazini? Na mumeo, kikohozi kimemwachia? Mimi nina afya ya umri wangu. Goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio, lakini macho bado yanaiona nukta iliyokosekana mwisho wa sentensi, na kwa msahihishaji wa prufu mstaafu hilo ndilo la kushukuru. Mkaza mjomba wako hajambo. Ndiye aliyenishauri nikuandikie kwa kalamu ili hasira ipoe njiani. Haijapoa, ila mwandiko umetulia.

Ujumbe wako ulikuwa wa mstari mmoja: nizime ile orodha ya barua pepe ya programu yetu, ninayoilinda mimi, kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa wote mmeshahamia kwenye kundi la simu. Hilo neno "wote" nimelisoma mara nne. Kwenye kiwanda chetu cha uchapaji ningelizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: akina nani?

Tuanze na kura. Nilipokupigia simu, ulisema thelathini na wanne waliunga mkono kuhama na hakuna aliyepinga. Nikakuuliza kura ilipigwa wapi, ukanijibu bila hata kusita, "Kwenye kundi, mjomba." Yaani mmewauliza waliokwisha kuingia ndani kama mlango unapitika! Kwenye orodha tuko mia moja na sabini. Hao wengine hawakupinga kwa sababu hawakuulizwa. Kamati ya jengo letu hapa hugombana juu ya ndoo ya kupigia deki, lakini hata wao hubandika tangazo kwenye ngazi wiki moja kabla ya kikao.

Sasa nikueleze lililotokea, maana naona huko kundini hamna habari. Unamkumbuka mwalimu wa shule ya wasioona, uliyempachika jina la Bi Vidole. Programu hii ya kugeuza maandishi kuwa nukta nundu uliianza mezani kwangu, miaka kumi na miwili iliyopita, na ukurasa wake wa kwanza aliupitia yeye kwa vidole vyake. Akakuambia, "Binti, mstari wa tano umenidanganya." Ukalia, kisha ukasahihisha.

Tarehe sita Januari alilijaribu toleo mlilokuwa mnaliandaa, akaandika kwenye orodha kwa utaratibu wake uleule: ukurasa, mstari, kilichotarajiwa, kilichotokea. Alama ya tarakimu inapotea kila hesabu inapovuka mstari. Wewe hilo unalijua, lakini vijana wako huenda hawalijui: katika nukta nundu, tarakimu zina umbo lilelile la herufi kumi za kwanza, na alama hiyo ndiyo pekee inayozitenganisha. Ikipotea, 25 inasomeka "be".

Hakuna fundi aliyemjibu. Nami niliisoma barua yake, nikadhani mafundi wameiona, nikaenda zangu kunywa chai. Kosa hilo ni langu na nalikiri. Tarehe ishirini na saba mkalitoa toleo, na nasikia kundini zilirushwa fataki za kuchora. Shule ikachapa kitabu cha hesabu cha darasa la tatu, nakala arobaini. Siku ya kwanza msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, be jumlisha da ni ngapi?" Darasa zima likaangua kicheko, naye mwalimu akapitisha vidole kwenye ukurasa, akakutana na kosa aliloliripoti wiki tatu kabla ya toleo kutoka. Nukta nundu hairekebishwi kwa kalamu. Vitabu vyote arobaini vimekuwa karatasi za kufungia sabuni.

Alinipigia simu. Hakupandisha sauti, na heri angepandisha.

"Mzee mwenzangu," akasema, "mimi sikuhama. Nimehamwa."

Nikamuuliza mbona hajiungi na hilo kundi. Akacheka. "Nilikaa siku mbili. Kile kisauti kinachonisomea skrini kikawa kinaniambia: picha, picha, uso unaocheka, uso unaocheka, ujumbe wa sauti, picha. Nikasema afadhali nikasikilize kuku, wao angalau hutaga."

Nilitaka kuwa mwadilifu, kwa hiyo nami nikaingia. Kwanza kundi lilitaka namba yangu ya simu, kisha picha ya uso wangu, kana kwamba naomba pasi ya kusafiria. Mtu anayejiita Kasi akanipokea: "Babu kaingia! Jamani kaeni vizuri." Nikauliza mazungumzo ya mwaka juzi juu ya alama za hesabu yako wapi. "Pandisha juu tu, babu." Nikapandisha mpaka kidole kikafa ganzi, na nilipofika Oktoba kundi likaniambia ya nyuma ya hapo hayaonekani tena. Nikamweleza Kasi. "Sasa babu, ya kale ya nini? Uliza tu, tutakujibu." Siku tatu nilizokaa, swali moja la kufunga programu liliulizwa mara tano na kujibiwa mara tano, na majibu mawili yalikuwa na makosa.

Hapa ndipo damu inaponichemka, Chiriku. Tunajigamba kwamba programu yetu ni huria, kila mtu anaweza kuifungua, kuisoma na kuirekebisha. Lakini mazungumzo yanayoeleza kwa nini tumeiandika hivi na si vile mmeyapeleka sebuleni kwa kampuni ya watu, na siku kampuni hiyo ikipenda kufunga mlango hatuna hata pa kugonga. Kwenye orodha yetu zimo barua elfu kumi na moja. Mtu yeyote anazisoma bila kujiandikisha popote. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na ninyi mnataka kuuchoma mbachao kabisa.

Najua orodha ina kasoro zake. Ni ya polepole. Tena mimi mwenyewe nilimkaripia dada mmoja mfamasia kwa kuandika jibu lake juu ya barua anayoijibu badala ya chini yake, na hakurudi tena. Ningekuwa naye leo ningemwomba radhi. Wala sikatai kundi. Mtu akikwama saa nne asubuhi na kazi inamsubiri, amuulize Kasi, apate jibu na fataki zake. Lakini ripoti za makosa na maamuzi ya toleo viandikwe mahali ambapo Bi Vidole anafika, na ambapo mtu atakayejiunga miaka kumi ijayo atavikuta. Kama kuna mahali pengine penye sifa hizo, pendekeza, nitakuwa wa kwanza kuhama.

Labda ni ukaidi wa mtu aliyeishi mbali na kwao miaka arobaini. Mama yako aliniandikia kila mwezi, kwa miaka kumi na tisa. Barua nyingine zilinikuta nimeshahama chumba mara mbili, na moja ilikaa kwa mwenye duka miezi saba. Nilipoifungua, alikuwa bado ananiuliza kama nimekula. Ndiyo maana mtu akiniambia maneno ya zamani hayana kazi, namtazama kama aliyenikanyaga mguu.

Basi uamuzi wangu ni huu. Sitaizima orodha. Na kwa kuwa mimi ni mjomba wako, na najua ukinibembeleza kwenye simu nitalegea, jana niliacha ulinzi wake. Nywila nimemkabidhi Bi Vidole, na ameshaibadilisha. Ukitaka izimwe, mwombe yeye. Namba yake ya simu hatoi, na kundini hayumo. Itakubidi uandike kwenye orodha, mbele ya watu mia moja na sabini, na uanze kwa kumjibu ile barua ya tarehe sita Januari.

Msalimie mumeo, na mama mkwe wako, umwambie dawa yake ya goti nimeitumia na nimenuka kama karakana wiki nzima. Wabusu mapacha. Mkaza mjomba wako anakukumbatia, anasema nisikuume sana.

Mungu akupe mgongo imara na moyo msikivu. Nakugombeza kwa kuwa ni wangu.

Akupendaye hata akiwa amenuna,
Mjomba wako.