Mkwe, Mbasa na Mto Uliofungwa

Jumatatu, 7 Aprili

Zamu yangu tena. Mvua tangu alfajiri, buti zimejaa maji, mwavuli umevunjika ubavu mmoja. Nimetembea kutoka darajani hadi penye kokoto na kurudi, mara tatu. Hakuna mtu, hakuna wavu, hakuna samaki. Nimekula mahindi mawili ya kuchemsha. Siku njema tu.

Mto unajaa vizuri. Mama Subilaga, mwenyekiti wa kamati yetu ya mto, anasema mbasa wako njiani kutoka ziwani. Kila masika wanapanda kuja kutaga huku kwetu, kwenye kokoto, maji yanapokwenda mbio. Wazee wanasimulia kwamba zamani walikuja wengi mpaka mto ukawa unameta. Mwaka jana mimi niliwaona wanne. Wanne! Ndiyo maana mkutano wa kijiji ulikubali kukifunga kipande hiki mpaka masika yaishe. Ulikubali shingo upande, na kwa sharti: kamati ikimficha mkosaji hata mmoja, mto unafunguliwa siku hiyohiyo na kila mtu anakuja na wavu wake.

Mimi ndiye katibu. Daftari linakaa kwangu, juu ya kabati, watoto wasilichoree. Najisikia mkubwa.

Jumatano, 9 Aprili

Balaa limeingia.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko kwenye kona ya mto, nasikia mtu anakohoa. Mara mbili fupi, kimya, mara moja ndefu. Ninakijua kikohozi hicho. Miaka kumi na moja ya ndoa, nikikisikia nakimbia. Nimekimbia. Nimejitosa kwenye shamba la kakao la jirani, kanga hadi machoni.

Ni baba mkwe. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hataji jina lake, hakutani naye njiani. Ukutila, ndivyo wanavyoita wazee. Wengi wameacha, na mchungaji alishasema kuacha si dhambi. Kwenye ukoo nilioolewa hakuna aliyeacha. Na mzee ana adabu zake: akikaribia mahali nilipo hukohoa kwanza, nipate nafasi ya kujificha.

Basi leo amekohoa, nimejificha, akashuka mtoni na mgono begani, ule mtego wa samaki wa kusuka. Nimechungulia kati ya majani. Nimeona miguu tu. Ameutega kwenye kokoto kabisa! Yaani ananikoholea kwa heshima zote, kisha anaiba samaki. Jangili mwenye adabu namna hii sijapata kumwona.

Daftari lina safu ya jina la mkosaji. Nimeandika tarehe, mahali, mgono mmoja. Safu ya jina nimeiacha tupu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda kwa mama mkwe. Yeye ninaweza kusema naye, na ni rafiki yangu. Nimemweleza yote, nikamwomba amkanye mumewe. Amecheka mpaka akakaa chini. Kumbe ameshakula wawili. Anasema walikuwa watamu. Amenipa ndizi, nikarudi nazo.

Jioni nimempigia simu mume wangu. Yuko Mbugani, anatengeneza redio na simu za watu, anarudi mwisho wa wiki. Nimemwambia aseme na baba yake. Amesema mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa safi kabisa. Anamwogopa baba yake kuliko ninavyomwogopa mimi, na mimi ndiye niliyeamrishwa kuogopa.

Jumamosi, 12 Aprili

Lyulilo, sokoni ufukweni mwa ziwa. Chungu changu cha maharage kimepasuka, nimenunua kingine kwa yule mama wa Kikisi, mfinyanzi ninayempenda. Alikuwa ndiyo kwanza ashushe vyungu vyake kwenye mtumbwi, bado vina nyasi. Anavigonga kwa ukucha, kimoja baada ya kingine, unasikiliza. Kisicholia vizuri anakirudisha nyuma mwenyewe.

Wakati ananifungia, ameniambia wanawe wameondoa wavu kwenye mlango wa mto wetu. Walisikia kwamba sisi wa juu tumefunga, wakasema basi na wao waache mbasa wapite. Na hii ni wiki ya kuelekea Pasaka, samaki anatafutwa kama dawa! Akaniuliza, eti huko juu mnawalinda kweli?

Nimesema ndiyo.

Nimeona aibu njia nzima. Watu wa chini wamefunga mikono yao kwa ajili yetu, halafu huku juu mgono unawangoja samaki penye kokoto, na aliyeutega ni wa nyumbani kwangu. Chungu ni kizuri sana lakini.

Jumatatu, 14 Aprili

Amekuja tena. Amekohoa tena. Nimekimbia tena, na safari hii buti la kushoto limebaki kwenye tope. Nimerudi nyumbani na buti moja, jirani zangu wote wakiwa barazani. Wamenisalimia mmoja mmoja, kwa utaratibu, ili wapate kuniangalia vizuri.

Baadaye nimerudi mtoni. Uzio wa fito za mianzi umevuka karibu mto mzima, umeacha mlango mdogo, na mlangoni ndipo ulipo mgono. Samaki akitaka kutaga lazima apite humo. Kazi safi, kusema kweli. Buti langu nimelikuta limeoshwa, limetundikwa juu ya fito ndefu ili nilione kwa mbali. Nimelivaa huku nimekasirika.

Safu ya jina, tupu. Sasa ziko mbili.

Jumanne, 15 Aprili

Mama Subilaga ameomba kuona daftari. Ameangalia, akaniangalia, akalifunga. Akanirudishia kwa mikono miwili. Mama Subilaga mwenye adabu ni jambo la kutisha.

Gwakisa, yule wa nyumba iliyo darajani, ameshanunua wavu mpya. Anautia kamba nje, watu wamwone. Anasema mkutano ni Jumanne baada ya Pasaka na kwamba nyumbani kwa katibu kunaliwa mbasa. Uongo. Nyumbani kwa katibu kunaliwa maharage. Lakini nitasemaje?

Nimefikiria kuandika jina. Kalamu nilishaishika. Kumtaja tu ni kosa, kumtaja kwa ubaya mbele ya watu ni zaidi ya kumpiga. Nimefikiria kujiuzulu. Nimefikiria kuhamia Talatala kwa mama yangu, nikalime mpunga, nisione samaki tena. Nimeishia kufua.

Alhamisi, 17 Aprili

Sikukimbia. Naandika tena ili nijiamini mwenyewe: sikukimbia.

Amekohoa kwenye kona kama kawaida yake. Nimegeuka tu, nikampa mgongo, kanga kichwani, macho kwenye mgomba. Amekohoa tena, kwa nguvu. Nimebaki. Akakohoa mpaka nikamwonea huruma.

Kusema naye siwezi. Kusema na panga nililoshika naweza, panga si mkwe wa mtu. Nikasema kwa sauti ya mkutanoni:

“Panga, mwambie aliyeko mtoni kwamba hapa pamefungwa.”

Nikadhani ameondoka. Halafu nyuma yangu, sauti ambayo huwa naisikia kwa mbali tu, nyuma ya ukuta:

“Mgono, liambie panga kwamba mto huu nimeuvua na baba yangu, na samaki hawakuisha.”

“Panga, uulize mgono leo umeshika wangapi.”

“Mmoja.”

“Na jana?”

Nikasikia anauinua mgono kutoka majini.

“Huyo mmoja ana mayai?”

Nimesikia mkono wake unaingia mgononi. Kisha akasema polepole, na safari hii bila kuutuma mgono: “Tumbo limejaa.”

Nimengoja. Halafu, chubwi! Kitu kizito kimerudi majini. Baadaye nikasikia fito zinang'olewa, moja, nyingine, nyingine. Anahema. Ni mzee, zile fito alizikita kwa nguvu. Nilitamani kumsaidia na siruhusiwi kugeuka, basi nimesimama pale kama nguzo nikihesabu fito kwa masikio.

Alipokuwa anaondoka nimeuambia mgomba, “Ndaga fijo,” asante sana. Amekohoa. Nadhani kilikuwa kikohozi cha kawaida.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kanisani tangu asubuhi. Baada ya ibada nimepita kwa mama mkwe. Kunanukia maharage. Amenikazia macho akasema mzee wake ameharibika na ni kosa langu. Halafu akanipakulia sahani. Nimefurahi mpaka nikala mbili.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mume wangu yupo, wali, kuku, watoto wamelala na viatu. Furaha tupu, ila kuna jambo linanisumbua. Uzio haupo tena. Hakuna ushahidi ila ukurasa mmoja wa daftari, na ukurasa unachanika. Mume wangu amesema, sasa kaacha, chana. Mara mbili nimelishusha daftari kutoka kabatini. Nikamkumbuka yule mama wa Lyulilo anavyokirudisha chungu chake mwenyewe nyuma. Nimelipandisha tena.

Jumanne, 22 Aprili

Mkutano. Umefanyika darasani kwa sababu ya mvua, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti kidevuni. Waliokosa nafasi wamejaa nyuma mlangoni.

Nimesoma daftari. Tisa Aprili, kokoto, mgono mmoja. Kumi na nne Aprili, kokoto, uzio na mgono. Gwakisa akasimama: jina mbona halisomwi? Nimesema jina siwezi kulitaja. Wanawake wakubwa wakaelewa palepale, wakaguna wote kwa pamoja. Mtu akaanza kucheka, darasa zima likafuata. Gwakisa hakucheka. Amesema kamati imemficha mkosaji, sharti ni sharti, mto ufunguliwe kesho. Kicheko kikaisha. Nimeona vichwa vinaitikia, na si vichache. Nikajua tumeshindwa. Nikafikiria wale vijana wa ziwani walioondoa wavu wao. Machozi yalikuwa karibu kabisa.

Ndipo mtu akakohoa kule nyuma.

Mara mbili fupi, moja ndefu. Mwili wangu haukungoja kuambiwa. Nimegeukia ubao, kanga usoni, pua yangu kwenye hesabu za kujumlisha. Nimesikia watu wakimpisha. Amekuja mpaka mbele. Akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, yote matatu, kwa sauti ya mtu anayeitwa shuleni. Hata hapa siyaandiki.

Akasema: “Katibu hakunificha. Mimi ndiye niliyemfanya ajifiche.”

Kisha akasema siku ya mwisho, kwa uzio wote ule, alimkamata mmoja tu, tena mwenye mayai, mahali ambapo yeye na baba yake walijaza vikapu kabla ya chai. Kwamba mtu anayetaka kufungua mto aende kwanza akaangalie atavua nini. Akaomba kalamu. Nimesikia anaandika, taratibu, anabonyeza sana. Safu zote mbili.

Wamepiga kura kwa mikono. Mimi sikuona kitu, nilikuwa bado na ubao. Mama Subilaga amekuja kuninong'oneza kwamba mto umebaki umefungwa, na kwamba hata Gwakisa amenyoosha, nusu ya mkono. Adhabu ya mzee: apande mianzi kwenye ukingo uliomomonyoka na ashike zamu hadi masika yaishe. Yeye mwenyewe ameomba zamu zilezile zangu. Ng'ambo, amesema. Katibu akae upande wake, na yeye upande wake.

Nimetoka darasani na chaki puani. Sijawahi kufurahi hivi tangu nijifungue.

Jumamosi, 26 Aprili

Lyulilo tena. Sikuwa na la kununua. Nimekwenda kumweleza yule mama wa Kikisi ukweli wote, pamoja na ule uongo niliomwambia. Amecheka, akawaita wenzake, nikarudia tangu mwanzo. Ile sehemu ya ubao nimerudia mara tatu.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua imekata. Maji yamepungua na kuwa meupe, kokoto zinaonekana moja moja. Zamu imekuwa tulivu. Yeye ng'ambo ananipa mgongo, anachimba mashimo ya mianzi. Mimi huku nampa mgongo, nafuma kitambaa.

Kama saa mbili hivi nimesikia maji yanachezacheza. Nimegeuka kuangalia mto tu. Wamefika. Wamejaa penye kina kifupi, migongo nje, wawili wawili ubavu kwa ubavu, wanatetemeka juu ya kokoto na mchanga unatimka chini yao. Wengine bado wanapanda kutoka kwenye kona. Nilianza kuhesabu kwa ajili ya daftari nikaacha. Kitambaa kimeniangukia majini.

Nilitaka kumwonyesha mtu. Nikainua macho bila kufikiri, na yeye alikuwa ameinua ya kwake, jembe mkononi, anacheka. Tumetazamana.

Ana mwanya kwenye meno ya mbele, kama wa mume wangu. Miaka kumi na moja sikujua ulitoka wapi.

Kisha wote wawili tukainamia maji, tukaendelea kuwaangalia.