Ripoti Iliyopigwa Pasi

Jumatatu, 22 mwezi wa sita
Mazoezi tena. Jumamosi nitasoma ripoti ya mwaka ya shule yetu mbele ya wazazi. Kurasa tatu. Nimezitoboa mwenyewe kwa kibao na msumari, kitone kwa kitone, kama sisi vipofu tunavyoandika. Kidole kinauma. Mwalimu wetu, Madamu Kahindo, anasema nisikimbie.

Jumatano, 24
Papa amerudi kutoka Kasindi na lori lake. Nimemuomba tena niende sekondari Beni, kwenye internat, shule ya kulala, wanakopokea vipofu. Anaogopa barabara. Tena haamini kwamba ninasoma.
"Kwanza nikuone unasoma. Kuweka maneno mu kichwa haiko kusoma. Hata kasuku anajua."
Mama alicheka. Mimi sikucheka. Papa atakata shauri baada ya Jumamosi.

Ijumaa, 26
Kila kitu tayari. Mama anapiga pasi nguo za kesho. Ninaogopa kidogo.

Jumamosi, 27
Aibu. Nilisimama, nikaweka vidole juu ya karatasi. Laini kabisa. Hakuna kitone hata kimoja.
Nikasema ripoti kwa kichwa. Kambale, kipofu mwenzetu, sasa anatoka getini mpaka darasani na fimbo yake, hashikwi mkono. Darasa la viziwi limeshona uniform za wadogo wote. Mlango wa choo umepanuliwa, kiti cha magurudumu kinapita. Bustani ya soya nikaisahau, na ndiyo tuliyoitolea jasho kuliko yote. Watu walipiga makofi. Njiani Papa alisema neno moja tu: "Kasuku."
Nyumbani nilimuuliza Mama.
"Mutoto wangu, karatasi zilikuwa na mikunjo na bipele-bipele. Nilizinyoosha na pasi, usipate haya mbele ya batu."
Hakujua. Miaka yote hii sikuwahi kumshikisha kitone. Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia mimi.

Jumapili, 28
Baada ya kanisa Papa alinipeleka kwa Madamu. Mimi nikabaki uani, wao ndani. Nikasikia msumari unatoboa. Papa alikuwa anamnong'oneza maneno ya kuandika.
Wakaniita. Karatasi ilikuwa na mistari michache. Nikasoma polepole, kwa sauti: mbao kutoka Eringeti. Mafuta ya mawese. Gunia moja la kakao lilipasuka pale Vulamba, na bado sijamwambia mwenye mali.
Madamu alicheka mpaka akakohoa. "Papa, hiyo sasa kasuku aliitoa wapi?"
Papa aliomba karatasi. Nilisikia kidole chake kinapita juu yake, kinarudi, kinapita tena.

Jumanne, 30
Mvua asubuhi. Papa anapakia lori, hajasema ndiyo wala hapana. Kabla ya kuondoka aliuliza kama kule internat batoto banabeba matela ya kulalia ao banapewa. Nikasema tunabeba. Akanisimamisha ukutani, akanipima kwa kamba kutoka kisigino mpaka kichwa. Akaongeza kiganja kimoja. Alisema bado ninakua.