Dania ama Pasli

Jumatatu, 3 Machi 2025
Homa imeisha lakini imeenda na pua yangu. Sisikii harufu yoyote. Nimeponda kitunguu saumu, nimekiweka puani kabisa — hakuna kitu! Kibanda changu cha mboga hapa Makindu nimefungua kama kawaida. Sijamwambia mtu, sanasana mume wangu. Musyimi anatafuta tu sababu niache biashara, tuhamie kwa mamake kule kijijini Zombe, nikalime. Mama mboga bila pua! Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Lakini hii ni pua tu.

Jumatano, 5 Machi
Aibu! Waithaka, mpishi wa hoteli ya wasafiri pale barabarani, amenirudishia fungu zima. "Mama, sasa hii ni nini umenipea?" Aliagiza dania ya kachumbari, mimi nikampa pasli, ile ya kizungu inayofanana nayo. Ati wateja wanauliza kama ni nyasi. Miaka yote nafikicha jani, nanusa, basi. Nani huangalia dania kwa macho? Amesema nikikosea tena atanunua kwa jirani yangu Mbaluka. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeyaweka mafungu mawili mezani. Dania: majani laini, yananyauka upesi. Pasli: magumu kidogo, yanang'aa. Haya, nimeelewa. Nikanyunyiza maji — yote yanang'aa! Nikageuka kumpimia mtu viazi, kurudi sijui la kushoto lilikuwa lipi. Nimeonja. Ulimi nao umegoma. Mbuzi wa Mbaluka akapita, akanyakua hili na lile, wala hakuonyesha anapenda lipi. Mjinga.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepata ujanja. Kila mteja namwambia anuse mwenyewe, asije akasema nimemdanganya. Wanafurahi! Wananiita mwaminifu. Waithaka alinusa, akachukua, akalipa, akaenda. Ilikuwa dania? Sikuthubutu kuuliza.

Jumapili, 9 Machi
Tumetoka kanisani. Musyimi anasema mamake amepiga simu tena. Nimemwambia mimi na soko hatuachani, hata Mbaluka anajua hakuna anayejua mboga kunishinda. Ameenda kulisha kuku. Ah! Leo nimeshinda. Naandika nikiwa jikoni, muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, unachemka hapa karibu na goti langu, na kwa kuni moshi ni moshi tu, nimeshauzoea —

Musyimi anaita kutoka uani. Ati nini kinaungua?

Nimefunua sufuria. Nyeusi tititi! Maji yaliisha saa ngapi?

Amefika mlangoni. Haangalii sufuria. Ananiangalia mimi.