Komanda Alisema "Piga"

Butembo, kambi ya polisi
Tarehe 18 Novemba 1962

Mpendwa yaya Berthe, dada yangu mukubwa,

Unisamehe sana. Barua yako ilifika wakati wa kuvuna maharagi, na mpaka leo sijakujibu. Kila mara nikikamata kalamu, Kadogo analia, ao maneno yenyewe inakataa kutoka. Usifikiri mudogo wako amekusahau.

Habari ya afya huko Goma? Mugongo ya shemeki inaendelea namna gani? Na batoto, masomo inaenda? Sisi huku tuko, Mungu anatuchunga. Kadogo ameota meno, lakini kikohozi hakimutoki, na mimi usingizi nimeusahau. Mama kule Alimbongo ni muzima. Anasema biazi ya mwaka huu ni minene.

Sasa nikuambie kitu yenye ilinizuia kuandika. Pengine Daudi, dereva wa lori, alikuelezea mbio mbio ile fujo ya sokoni. Chumvi ilipotea mu mji muzima. Batu bakasema mucuruzi mumoja ameificha mu depo yake, anangojea bei ipande. Siku ya soko bakaenda kuvunja mulango. Mawe ikaanza kuruka. Polisi bakatumwa, na bwana yangu Mathe alikuwa mu musitari yabo. Yeye ndiye anabebaka filimbi.

Komanda wao ni mutu wa Équateur. Lingala ndiyo luga yake, Kiswahili ameiokota tu njiani. Jiwe ilipita karibu na sikio yake, akapaza sauti: "Piga!" Neno moja, basi. Mathe alisikia piga filimbi, akapiga filimbi. Benye fimbo balisikia piga fimbo. Na Muyisa, ule kijana wa Eringeti mwenye anakujaka kula kwetu siku ya yenga, Jumapili, kisha misa, alisikia piga bunduki.

Risasi ilikuta Kasimu, mushonaji. Yeye hapana kutupa jiwe, na chumvi hakuifuata. Alitoka tu ku baraza kuingiza mashini yake ndani, isivunjike. Alianguka nayo mikononi. Ni ule Kasimu, yaya, mwenye alishona robe yako ya ndoa na akakataa kuikaza ku tumbo, anasema utamushukuru kisha chakula.

Tangu ile siku mji umepasuka. Kwa mutoni wa Kimemi, kwenye tunafulia, ninasikia yote. Bengine banasema hii polisi ni ile ile ya Babeleji, balibadilisha kofia tu. Bengine banasema, lakini nani alibatuma kuvunja mulango ya mwenzao, polisi nao bangefanya nini na mawe ya uso? Mama mumoja aliniona nakamua patalo ya kaki ya Mathe, akaniuliza:

"We bibi ya bunduki, hiyo damu inatoka na sabuni gani?"

Benzake bakacheka. Nikamujibu, "Ni udongo, mama. Na kijana yako, ile siku alikuletea chumvi ao alikuletea mawe tu?"

Akainamia kufua kwake. Lakini njiani nililia, juu mutoto yake nilimujua tangu mudogo.

Mimi nikifikiri, yaya, kila mutu iko na kipande yake mu hii kifo. Wa kuvunja mulango iko na yake, Muyisa iko na yake, kidole ilikuwa yake. Lakini mutu mwenye anapewa batu na bunduki lazima aseme neno lote, mpaka mwisho. Hawezi kusema nusu, kisha anaacha kijana wa watu atafute nusu ingine mwenyewe.

Sasa Muyisa iko mu kashoti, amefungwa, na komanda anasema yeye hakufungua kinywa, kijana alipiga kwa kichwa chake. Juge, mwenye atakata hii kesi, atatoka Beni mwanzo wa mwezi wenye unakuja. Bale polisi bengine bote bameambiwa waseme vile vile. Mu nyumba Mathe alikuwa anakula tu, anaangalia ukuta. Siku moja akaniambia:

"Anne-Marie, nikisema kweli, kesho yake tunatoka mu hii nyumba."

"Tunatoka."

"Tutakula nini?"

"Biazi ya mama."

"Basi kazi yangu yote imalizikie mu biazi?"

"Na ya Muyisa imalizikie wapi?"

Alivaa kofia, akatoka inje.

Nilienda kwa Mwanvua, bibi ya Kasimu, kukaa naye ku matanga. Niliogopa atanifukuza. Alisogea kidogo tu ku mukeka, nikakaa. Aliniuliza neno moja: "Kila mutu ananiambia nani alipiga. Mimi nataka kujua nani alisema." Haikuwa yangu kujibu. Nikarudi kambini, nikamuelezea Mathe vile vile, bila kuongeza.

Jana ameniambia atasema mbele ya juge. Lakini si na ile patalo ya kaki. Ku goti iko kiraka, na ile kiraka ni mukono wa Kasimu. Anasema hawezi kusimama mbele ya Mwanvua nayo. Nguo ingine hana, na bashonaji benye babaki hawapokei tena kitambaa cha batu ba kambi. Sibalaumu.

Usimuandikie mama kabla ya sisi kufika kwake Alimbongo. Atakosa usingizi bure.

Salimia shemeki, na batoto bote, na Safi jirani yako mwenye alinipa ile sufuria. Mungu akuchunge, na nyumba yako isikose moto ku jiko. Wasingya, asante sana, yaya, kwa yote yenye ulinifanyia.

Mudogo wako mwenye anakupenda siku zote,
Anne-Marie

Bitu byenye naomba umupatie Daudi aniletee, kama nguvu iko:

Chumvi, hata kidogo.

Dawa ya kikohozi ya Kadogo, ile ya chupa.

Bulangeti moja nzito. Baridi ya Alimbongo unaijua.

Kikwembe kimoja cha kujifunga, bila maua, cha Mwanvua, juu iko mu eda.

Na patalo moja yenye si kaki. Ya zamani ya shemeki inatosha. Mathe ni mufupi kuliko yeye, lakini usiikate chini. Nitaipinda mwenyewe.