Nilivyoshindwa Kesi Sebuleni Kwangu

Jumatano, Gikondo. Mvua imenyesha asubuhi nzima, kisha jua likatoka kana kwamba halikuwa na habari. Nina furaha ya kijinga. Leo nimeshindwa kesi.

Sijawahi kuandika habari za Shukuru hapa, kwa sababu zimekuwa zikiniumiza. Ni fundi cherehani wa Kimisagara, anasoma sheria chuoni, na kila Jumatano huja kwangu nimfundishe. Mtihani wa mikataba ameshaanguka mara mbili. Ule wa kuandika anaufaulu. Wa mdomo ndio unaomwangusha. Walimu watatu wakimtazama, sauti inakauka. Keshokutwa ni mara yake ya mwisho. Akianguka tena, chuo kinamtoa.

Mimi kila mwanafunzi namtungia somo kutokana na maisha yake. Patrick wa Masaka, anayebeba abiria kwa moto, pikipiki zetu hizi, nilimfundisha sheria ya uzembe kwa ajali za barabarani, akaelewa kwa siku moja. Kwa Shukuru nimetumia vitambaa, oda, wateja wasumbufu. Anaelewa yote.

Hasemi.

Sasa, kuna gauni. Mwezi uliopita Shukuru alinishonea la harusi ya binamu yangu, na zipu ikakataa kupanda. Sikumwambia neno, lakini moyoni nilinuna, nakiri. Leo asubuhi nikapata wazo: nimshtaki.

Basi sebule ikawa mahakama. Nikamwita Patrick awe hakimu, helmeti mezani badala ya nyundo. Mimi mdai, gauni mkononi. Nikaeleza dai langu kwa madaha: tulikubaliana, fundi amevunja mkataba, naomba anishonee jingine.

Shukuru akatazama zulia. Patrick akanikonyeza nimsaidie kama ninavyofanya siku zote. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Ningemsaidiaje, na mimi ndiye niliyemshtaki?

Halafu akasema, polepole, "Nyakubahwa hakimu, vipimo iko kwa simu yangu. Madamu ndiye alituma. Nilimwambia akuje nimupime, akasema oya, hapana, hana nafasi." Akanigeukia. "Madamu, ile kiuno ulituma ni ya mwaka gani?"

Patrick akaanza kukohoa.

Nilikuwa nimekula kiapo, kwa hiyo nikajibu: ya kabla ya mtoto wangu wa pili. Mtoto huyo yuko darasa la tatu.

Shukuru hakucheka. Akatoa futi kwenye mkoba, akaomba ruhusa ya mahakama, akanipima pale pale na kuisoma namba kwa sauti. Sitaiandika hapa. Kisha akajenga hoja: tulikubaliana nini, nani alitoa vipimo, yeye ametimiza nini. Kwa Kiswahili kwanza, halafu hakimu alipomtaka, kwa Kiingereza cha mtihani, bila kukwama. Dai likatupwa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na nilicheka mpaka machozi.

Wameondoka sasa, na kuna jambo linanikera katikati ya furaha hii. Miaka miwili nimekuwa nikimmalizia Shukuru sentensi. Akisita tu, namtilia neno mdomoni, nami nikajiona mwalimu mwenye huruma. Leo, nilipokaa upande wa pili wa meza, hakukuwa na wa kumsemea. Huenda nusu ya kimya chake nilikifuga mimi.

Nilipanga kumsindikiza Ijumaa hadi mlango wa chumba cha mtihani, kama mara zile mbili. Alipokuwa akivaa viatu nikamkumbusha saa ya kukutana.

"Oya, Madamu," akasema. "Ijumaa nitaenda peke yangu."

Nilikuwa na ushauri wa dakika kumi kwenye ncha ya ulimi. Nikaumeza, nikamfungulia mlango.

Yeye simwogopei tena. Mimi je, nitakaaje nyumbani Ijumaa na huu mdomo wangu?