Jino Juu ya Kucha

Shangazi yangu mpenzi,

Natumai goti limepata nafuu, na yule paka mwizi hajakumalizia maziwa.

Hapa makumbusho tumeletewa sanduku la meno ya papa waliotoweka zamani mno. Papa hana mifupa migumu, kwa hiyo meno ndiyo yaliyobaki. Wenzangu huyatazama kwa lenzi wakibishana. Mimi hupitisha ukingo wa jino juu ya ukucha wa kidole gumba, ulivyonifundisha kukagua sindano ya cherehani. Likikwaruza kama msumeno, ni la papa mkubwa; likiteleza, ni la mababu zake.

Jana mkuu wetu alinipa moja. "Haya fundi, tuambie."

Nikamtajia. Akachungulia kwenye lenzi, akacheka. "Umepatia tena!"

Hajui kwamba sikuliona vizuri. Daktari amesema nimerithi macho yako, na hayatibiki. Nililia, sikufichi. Kisha nikakumbuka sare uliyonishonea nikiingia sekondari, mishono yote imenyooka, kumbe ulikuwa huoni tena.

Asante, Shangazi. Jirani anayekusomea barua hii mwambie asinionee huruma. Kucha ninazo kumi.

Mwanao,
Kitinda mimba wa kaka yako